Kusawazisha Trela ya Kambi kwa Usalama: Mwongozo kwa Msafiri wa Nairobi

Kusawazisha trela ya kambi ni kazi ndogo ikifanywa kwa utaratibu, na kazi hiyo hiyo inaweza kumvunja mtu mguu ikiwa hatua mbili zitabadilishana nafasi. Trela huwa imara maadamu imeunganishwa na gari linaloikokota. Pindi inapotenganishwa, huachwa ikiegemea magurudumu yake na kishikizo cha mbele, na uzito wote uliokuwa umezuiwa na gari huanza kufuata mteremko. Ndiyo maana mwongozo huu unasisitiza mpangilio kuliko vifaa: usawa wa kushoto na kulia hutafutwa trela ikiwa bado imeunganishwa, kabari huwekwa kabla ya kutenganisha, usawa wa mbele na nyuma hutafutwa baada ya kutenganisha, na miguu ya kutuliza hushushwa mwisho. Anayefuata mpangilio huo kwa mbao za kawaida yuko salama kuliko mwenye vifaa ghali anayeruka hatua.

Trela nyingi zinazotoka Nairobi siku za mapumziko ni ndogo, zenye ekseli moja, na huvutwa na pikapu au gari la magurudumu manne kwa tufe la chuma lililofungwa nyuma ya gari. Aina ya pili ni kubwa zaidi: shingo yake hupanda juu ya sehemu ya mizigo ya pikapu, na pini nene ya chuma huingia katika bamba lenye taya za kuishika. Aina hii ni ya kawaida zaidi Marekani kuliko hapa kwetu, lakini namna yake ya kuunganishwa ni ile ile ya malori ya trela yanayopita Barabara ya Mombasa kila saa, kwa hiyo dereva yeyote wa malori ataielewa mara moja. Hatua kubwa za kusawazisha ni zile zile kwa aina zote mbili, na tofauti zitaelezwa zinapofika.

Usawa hautafutwi kwa ajili ya usingizi mzuri peke yake. Sufuria ya uji iliyo jikoni ndani ya trela iliyoinama humwagika kwa urahisi, mlango hujifungua au hukataa kufunga, na maji ya bafu hubaki yamesimama upande usio na tundu. Zaidi ya hayo kuna friji. Friji nyingi za trela zinazotumia gesi hazina pampu. Amonia iliyo ndani ya mabomba yake hupanda kwa joto na kurudi chini kwa uzito wake yenyewe, na mabomba yakilala vibaya kimiminika hicho hukwama huku moto ukiendelea kuyachoma. Hali hiyo ikiendelea kwa muda mrefu, chumvi ya kuzuia kutu iliyomo huganda na kuziba njia, na friji hufa bila uwezekano rahisi wa kutengenezwa. Kipimo kinachotumika sana kwa friji za aina hiyo ni kwamba mwinamo usizidi nyuzi 3 kwa upande na nyuzi 6 kwa mbele na nyuma, ingawa kitabu cha friji yako ndicho chenye neno la mwisho. Friji za umeme zenye kompresa huvumilia zaidi.

Kuchagua mahali pa kusimama

Msafiri wa Nairobi anahitaji kuujua udongo kabla ya kuijua jeki. Upande wa magharibi na kaskazini mwa jiji, kuelekea Kikuyu na Limuru, udongo ni mwekundu na hupitisha maji vizuri. Upande wa mashariki na kusini, kuelekea Embakasi, Athi River na Kitengela, na katika sehemu kubwa ya tambarare za Mbuga ya Taifa ya Nairobi, kuna udongo mweusi wa mfinyanzi ambao huvimba unapolowa na kusinyaa unapokauka. Wakati wa kiangazi udongo huo huwa mgumu kama saruji na hupasuka mipasuko mirefu, jambo linalomfanya mgeni auamini kupita kiasi. Mvua ya saa mbili tu ikinyesha usiku, mguu wa jeki uliokuwa umesimama imara hudidimia, na kwa kuwa kila mguu hudidimia kwa kiasi chake, trela hujipinda. Katika miezi ya masika, yaani kati ya Machi na Mei, na katika vuli ya Oktoba hadi Desemba, ni busara kudhani kwamba mvua itanyesha usiku huo hata kama mbingu ni safi mchana. Kwingineko, hasa kandokando ya Ziwa Naivasha, utakutana na udongo mwepesi wenye asili ya volkeno, ambao ukikauka huwa vumbi na hauna nguvu ya kubeba kitu chenye ncha nyembamba.

Kwa hiyo fika mapema. Nairobi iko karibu sana na ikweta, jua huzama karibu na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na giza huingia haraka. Kufika kambini saa kumi alasiri kunakupa muda wa kuzunguka uwanja kwa miguu, na kutembea huko ndiko kunakofaa kufanywa kwanza, kabla ya kuingiza trela. Tazama maji yamepita wapi mvua iliyopita. Alama za mchanga uliosombwa na nyasi zilizolala upande mmoja hueleza kila kitu. Usisimame bondeni hata kama ndipo palipo sawa kuliko kwingine. Tazama juu pia: migunga mirefu ya manjano inayopendwa sana Naivasha hutoa kivuli kizuri, lakini matawi yake makavu huanguka bila onyo. Karibu na ziwa usifunge njia za viboko, ambazo huonekana wazi kama mifereji iliyokanyagwa kutoka majini hadi kwenye majani. Ndani ya maeneo yanayosimamiwa na Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) hairuhusiwi kuchimba ardhi au kukata matawi ili kujitengenezea uwanja, kwa hiyo mahali pasipofaa hapana dawa ila kuhama.

Kuna wakati ambapo jibu sahihi ni kusogea mita kumi. Binafsi naona kwamba uwanja unaohitaji kuinua gurudumu zaidi ya sentimita 15 haufai kusimamisha trela, kwa sababu rundo la mbao la urefu huo huanza kuwa mnara, na mnara wa mbao juu ya udongo usioujua ni hatari ambayo hakuna mandhari inayoweza kuihalalisha.

Vifaa

Si lazima uagize vifaa kutoka nje. Mbao za saiprasi zilizokauka vizuri, zenye unene wa inchi 2 na upana wa inchi 10, zinatosha, mradi hazina vifundo vikubwa wala ufa. Upana ni muhimu: gurudumu lote lazima likae ndani ya ubao, kwa sababu gurudumu linaloning'inia ukingoni huumia kwa ndani, mahali ambapo jicho halioni, na kupasuka siku nyingine barabarani. Agiza ubao wa chini uwe mrefu kuliko wa juu kwa takriban sentimita 30, na ncha za kila ubao zikatwe kwa mshazari ili gurudumu lipande polepole. Wauza mbao wa Gikomba watakukatia vipande hivyo kwa vipimo utakavyotoa. Vipandio vya plastiki ngumu vinavyouzwa kwa kazi hii ni vyepesi na vizuri, lakini vikiwekwa juu ya kokoto au shimo dogo hupasuka, kwa hiyo navyo vinahitaji uwanja uliofagiliwa.

Unahitaji pia vibao vya kuweka chini ya miguu ya trela, na hapa hesabu ndogo inaeleza zaidi ya maneno. Chukua trela kubwa ya uzito wa kilo 5,000, ambayo moja ya tano ya uzito wake hubebwa mbele. Hizo ni kilo 1,000 juu ya miguu miwili, yaani kilo 500 kwa kila mguu. Ikiwa wayo wa mguu ni sentimita 15 kwa 15, kila sentimita ya mraba ya udongo hubeba zaidi ya kilo 2. Weka chini yake kibao cha sentimita 40 kwa 40, na mzigo huo hupungua hadi gramu 310 hivi. Udongo ule ule uliokuwa ukiumeza mguu sasa unaubeba. Mbao mbili za inchi 2 zilizopishana na kufungwa kwa bolti hufanya kazi hiyo, na mafundi wa jua kali wa Kamukunji au Kariobangi wanaweza kukukatia bamba la chuma na kukuchomelea kishikio cha kulibebea.

Kabari za magurudumu zisiwe mawe. Tumezoea kumwona utingo akiruka kutoka kwenye lori na kutupia jiwe nyuma ya gurudumu, na mara nyingi jiwe hushika. Lakini jiwe la mviringo hubiringika, na mawe laini ya kujengea husagika chini ya uzito unaosukuma polepole usiku kucha. Kwa sababu hiyo hiyo, usiweke tofali la saruji lenye matundu chini ya jeki, kwani halitoi dalili yoyote kabla ya kupasuka. Nunua kabari nne za mpira mgumu, au uchongewe za mbao ngumu zenye urefu usiopungua robo ya kimo cha gurudumu. Ongeza pima maji ya urefu wa mita 1, futi ya kupimia, glavu nzito, tochi ya kuvaa kichwani na kopo la rangi nyeupe ya kuwekea alama. Programu ya simu inayopima mwinamo inaweza kusaidia, ila simu yenye kifuniko mara nyingi hudanganya. Iweke mezani, isome, kisha uigeuze nusu mzunguko na uisome tena mahali pale pale; ikiwa vipimo viwili haviafikiani, haifai mpaka irekebishwe. Pima maji nayo hujaribiwa kwa njia hiyo.

Usawa wa kushoto na kulia

Ingiza trela mahali ulipochagua, inyooke nyuma ya gari, na uvute breki ya mkono ya gari. Watoto wabaki ndani ya gari au wapelekwe kando na mtu mzima mmoja ambaye hana kazi nyingine yoyote. Familia nyingi hufungua milango mara tu gari linaposimama, na dakika hizo za mwanzo, trela ikisogezwa mbele na nyuma huku dereva akitazama kioo kimoja, ndizo zenye hatari kubwa kwa mtoto mdogo. Anayemwelekeza dereva awe mmoja tu, asimame mahali anapoonekana kwenye kioo, na mkubaliane kabla kwamba neno "Simama!" likitamkwa na yeyote, hata na mpita njia, gari linasimama papo hapo. Mwelekezi akipotea kiooni, dereva pia anasimama.

Weka pima maji juu ya sakafu ya trela, karibu na ekseli, ikilala kutoka kushoto kwenda kulia. Meza na rafu hazifai kupimia kwa sababu huenda hazikufungwa sawa na sakafu. Inua ncha ya pima maji iliyo upande wa chini mpaka kiputo kikae katikati, kisha upime pengo lililo kati ya ncha hiyo na sakafu. Pengo hilo ni mwinamo wa kila mita 1. Lizidishe kwa umbali wa kati ya magurudumu mawili ya trela, na utapata kimo cha mbao unazohitaji. Ikiwa pengo ni sentimita 2.5 na magurudumu yako yameachana mita 2, unahitaji sentimita 5, ambayo ni ubao mmoja wa inchi 2. Kwa kadirio la haraka, kila nyuzi 1 ya mwinamo ni karibu sentimita 1.75 kwa kila mita. Ukipima kwanza hutakuwa na haja ya kupanda na kushuka mara nyingi, na trela isiyosogezwa ovyo haimkanyagi mtu.

Fagia kokoto, panga mbao mbele au nyuma ya magurudumu ya upande ulioinama, kufuatana na upande ambao gari lina nafasi ya kusogea, na uhakikishe zimenyooka na mstari wa gurudumu. Trela yenye ekseli mbili lazima iinuliwe magurudumu yote mawili ya upande huo kwa kimo kile kile; kuinua moja na kuliacha jingine kunaelemeza ekseli moja mzigo wa mbili. Dereva apande polepole sana kwa gia nzito, na mwelekezi asimame kando, kamwe asisimame kwenye mstari wa mbao wala asiziguse kwa mguu "kuzinyoosha" gurudumu likiwa linakuja. Ubao unaokanyagwa vibaya huweza kuruka nyuma kwa nguvu ya kutisha. Gurudumu likishatulia katikati ya ubao, pima tena. Kiputo kikiwa ndani ya mistari yake, upande huo umekwisha, na hautarekebishwa tena kwa jeki.

Nasisitiza hilo la mwisho kwa sababu ndilo linalovunjwa kuliko yote. Miguu ya kutuliza iliyo kwenye pembe za trela imetengenezwa kuzuia mtikisiko watu wanapotembea ndani. Haikutengenezwa kuinua uzito. Anayezungusha mguu wa pembe moja mpaka gurudumu lianze kunyanyuka anapinda chesi, yaani fremu ya chuma inayobeba trela, na chesi ikipinda milango hukataa kufunga, kuta hufungua maungio, na mvua ya kwanza hupata njia ya kuingia.

Kabari, kisha kutenganisha

Sasa weka kabari pande zote mbili za magurudumu, mbele na nyuma, na kwa kila upande wa trela. Gurudumu lililo juu ya ubao huhitaji kabari zinazokaa juu ya ubao huo huo, si chini, la sivyo hazifiki penye gurudumu. Zisukume kwa mkono mpaka ziume, kisha mwambie dereva aachilie breki ya gari polepole ili trela iegemee kabari. Itasogea kidogo na kukwama. Mpigie alama ya kuvuta breki tena, kaza kabari zilizolegea, na uvute breki ya mkono ya trela kama ipo. Breki hiyo ni msaidizi wa kabari tu: kwenye trela nyingi zenye breki inayofanya kazi kwa msukumo wa gari, magurudumu yanaweza kurudi nyuma kidogo kabla breki haijashika sawasawa, na sentimita hizo chache zinatosha kushuka kwenye ubao.

Kwa trela ya tufe la chuma, weka kibao chini ya gurudumu dogo la mbele, lishushe mpaka libebe uzito, fungua komeo la kiungo, na uzungushe mpini mpaka kiungo kiachane na tufe. Kabla ya hapo chomoa waya wa taa, na ufungue kwenye gari ncha ya waya wa breki ya dharura. Minyororo ya usalama huondolewa mwisho, baada ya kuona kwamba trela haisogei. Waya wa breki ya dharura usivutwe ili kuifanya trela isimame mahali pamoja, maana kwenye trela zenye breki za umeme huo huwasha breki kwa betri na kuimaliza kabla ya asubuhi. Usiingize mkono kati ya kiungo na tufe hata kama panaonekana pamekwama kidogo tu.

Kwa trela ya shingo, uzito wa mbele ni mkubwa zaidi na kosa lina gharama kubwa zaidi. Panga vibao chini ya miguu miwili ya mbele na uishushe mpaka iguse, kisha uendelee kidogo tu mpaka uone springi za pikapu zikianza kupumua, yaani uzito umehama kutoka kwenye bamba bila trela kunyanyuka juu yake. Piga alama ya rangi kwenye mguu wakati huo. Alama hiyo ndiyo kimo utakachorudia siku ya kuondoka, na bila hiyo utakuwa ukibahatisha pini iingie wapi. Fungua mlango wa nyuma wa pikapu uulaze chini, chomoa nyaya, vuta mpini wa kufungulia taya, na uhakikishe kwa macho, ukimulika kwa tochi, kwamba zimefunguka. Dereva asogee mbele kwa kiasi cha upana wa kiganja na kusimama. Tembea, tazama miguu, tazama kabari, tazama pini. Trela ikiwa imetulia, pikapu inaweza kuondoka. Hakuna anayepita chini ya shingo wakati wa zoezi hili.

Usawa wa mbele na nyuma

Sehemu hii ni nyepesi. Geuza pima maji ilale kwa urefu wa trela, na uzungushe gurudumu dogo la mbele, au miguu miwili ya mbele kwa pamoja, mpaka kiputo kikae katikati. Pikapu iliyoinuka juu huiacha trela ya shingo ikiwa imeinua pua, kwa hiyo mara nyingi utashusha badala ya kupandisha. Ikiwa mbele panahitaji kupanda sana, usiurefushe mguu hadi mwisho wake. Urudishe, ongeza kibao kipana chini, na uanze tena, kwa maana mguu uliorefuka wote una nguvu ndogo sana dhidi ya msukumo wa pembeni. Baada ya kumaliza, rudi kwenye kabari. Kupanda au kushuka kwa mbele kunayazungusha magurudumu kidogo, na kabari iliyokuwa imeuma huweza kuwa imelegea.

Hapo ndipo miguu ya kutuliza ya nyuma na pembeni hushushwa, kila mmoja juu ya kibao chake, mpaka uguse na ukaze kwa nguvu ya mkono. Acha hapo. Ukiona pima maji ndani ya trela imebadilika, umekaza kupita kiasi. Trela zenye sehemu za chumba zinazosukumwa nje hufuata kitabu cha mtengenezaji kuhusu zisukumwe kabla au baada ya miguu ya kutuliza, lakini zote zinahitaji trela iwe imeshasawazishwa kwanza, na mtu asimame nje kuhakikisha hakuna tawi wala mtoto katika njia yake.

Mfumo wa kujisawazisha wenyewe kwa haidroliki au umeme, unaopatikana kwenye baadhi ya trela kubwa, hauondoi haja ya mbao na kabari. Kompyuta yake haijui kama chini kuna udongo mweusi au mwamba. Ukiona inainua magurudumu hewani ili kufikia usawa, isimamishe, shusha, na uweke mbao chini ya magurudumu. Gurudumu lililo hewani halishikwi na kabari wala breki.

Usiku na asubuhi

Asubuhi ya kwanza, kabla ya chai, zunguka trela na utazame kila kibao. Iwapo kimoja kimezama, usikimbilie kukaza mguu uliozama, kwa sababu huenda mingine ndiyo inayobeba mzigo wake. Legeza miguu ya kutuliza yote, rekebisha usawa wa mbele, kisha uishushe upya. Mvua ikinyesha usiku na ukahisi trela imeinama, watoe watu wasimame upande wa juu au waingie garini, na usitambae chini yake kukagua gizani. Kusema kweli, hakuna sababu yoyote ya kuingiza mwili chini ya trela iliyo juu ya jeki, mchana wala usiku. Kama kitu kimeanguka huko, kivute kwa fimbo. Naivasha na mbugani kuna sababu ya ziada ya kusubiri kupambazuke, nayo ina miguu minne.

Kuondoka

Mpangilio hugeuzwa wote. Miguu ya kutuliza hupandishwa kwanza, sehemu za nje hurudishwa ndani, mbele huinuliwa au kushushwa hadi kwenye alama ya rangi, na gari hurudi nyuma kuunganishwa. Kabari zote zinabaki mahali pake mpaka kiungo kimefunga, komeo limeingia, minyororo na nyaya zimefungwa. Kwa trela ya shingo, mulika taya uone zimeikumbatia pini kikamilifu, kisha, kabla ya kupandisha miguu ya mbele hadi mwisho na kabari zikiwa bado zimeuma, dereva avute mbele taratibu kwa nguvu ndogo. Trela ikikataa kusogea na kiungo kikashika, imeunganika. Kiungo kikiachia, miguu bado iko chini na trela haitaangukia pikapu. Jaribio hili dogo ni la lazima kila safari.

Baada ya hapo ondoa kabari, shuka kwenye mbao polepole mwelekezi akiwa kando, na usimame tena. Okota mbao, kung'uta udongo, na ukague kila ubao kama umepata ufa, maana ubao uliopasuka hauonekani tena ukishafungwa pamoja na mingine. Kagua taa za breki na za kona, kwa kuwa barabara ya kurudi Nairobi siku ya Jumapili jioni hujaa malori na matatu. Watu wawili tofauti waizunguke trela, kila mmoja peke yake na upande wake, wakitazama miguu yote imepanda, kipandio cha mlango kimekunjwa na gesi imefungwa. Mawe yoyote uliyoyakuta uwanjani na kuyasogeza yarudishwe pembeni, mbali na njia ya magari, na mashimo yaliyoachwa na miguu yako yafukiwe, kwa sababu mgeni atakayefuata huenda atafika jioni na kuegesha hapo hapo bila kuyaona.